Kilo za Korongoni

"Umekuja leo?" Mama Qamara aliniuliza kutoka chini korongoni, kiroba kikiwa bado begani. "Si ulisema kesho?"

Nilisimama ukingoni, mizani ya ndoano ikining'inia mkononi. Kweli, ilikuwa kesho. Kwa miezi minne nilipita nyumba arobaini za mtaa wetu hapa Karatu kila Ijumaa, nikipima taka za kila nyumba. Kila Jumatano nilituma ujumbe kuwakumbusha kwamba naja keshokutwa. Kwa malezi yangu, huingii kwa watu bila hodi.

Lakini Alhamisi hiyo sikutulia. Niliketi dukani kwa mama yangu, nikasimama, nikaketi tena. Namba zangu zilikuwa nzuri mno. Nyumba ya Mama Qamara, yenye wajukuu wawili wachanga wanaovaa pampasi, ilikuwa imeshuka kutoka kilo sita hadi nusu kilo. Jumatatu msimamizi wangu kwenye mradi wa taka, Msafiri, angemsimamisha mkutanoni awe mfano kwa mtaa. Tena, kwa namba hizohizo, gari la taka lingepunguziwa safari: badala ya mara mbili kwa wiki, lingekuja mara mbili kwa mwezi. Basi nikachukua mizani nikaelekea kwake bila taarifa, na njiani nikamwona akishuka na kiroba.

Nilishuka korongoni nikiteleza kwenye udongo mwekundu. Viroba vilikuwa vimelundikana hadi kwenye mchongoma.

"Mama, hizi zote ni zako?"

"Zangu na za majirani. Tunazileta siku moja kabla hujaja." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Nafisa, mwanangu, mgeni umeshajua anakuja, utamwachia uchafu mlangoni? Tulikuwa tunakufagilia."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikapandwa na hasira, kisha hasira ikaisha ikaniachia aibu tupu. Wiki ngapi nilikunywa chai yake huku nikimwambia, "Hongera, mama, zimepungua tena"? Naye alikuwa akishusha macho, nami nikidhani ni unyenyekevu.

"Usinitaje Jumatatu," alisema. "Nitauweka wapi uso wangu?"

Nilivuta kiroba cha kwanza, nikakitundika kwenye tawi la mgunga, nikasoma. Alinitazama kidogo, halafu akaja akashika upande wa pili. Tulipima za wiki hiyo tu, hadi magari ya watalii yaliyokwenda mbugani kwenye kreta asubuhi yakaanza kurudi huko juu barabarani. Zilifika kilo mia moja themanini na sita.

Wikiendi nzima niliishi kama mtu mwenye upele. Ningenyamaza, safari za gari zingepungua na korongo lingejaa. Ningesema, mama wa watu angeaibika mbele ya mtaa mzima.

Jumatatu mkutanoni, Msafiri alipitisha kidole kwenye orodha yangu, akasimama mstari wa mwisho.

"Nyumba ya arobaini na moja? Kilo mia moja themanini na sita? Hii ni ya nani?"

Kwenye safu ya pili, Mama Qamara alikuwa akitazama viatu vyake.

"Yangu," nilisema.

Nikaeleza nilivyokuwa nikitangaza siku ya kupima, na taka zilikokuwa zikienda. Sikutaja mlango wa mtu. Gari la taka halikupunguziwa safari. Mkataba wangu haukuongezwa, na niliumia, sitaki kudanganya. Nililia stoo kwa mama katikati ya makatoni ya sabuni.

Huu ni mwaka wa pili tangu hapo. Mradi mwingine umenipa kazi ileile, na siku hizi sitangazi. Mwezi uliopita nilipiga hodi kwa Mama Qamara. Alikuwa akimenya viazi, na maganda yalikuwa yametapakaa hadi kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alitazama mizani, akatazama maganda. Mkono wake ulienda kwenye ufagio, ukasita, ukarudi kwenye kisu.

"Pita, mwanangu," alisema. "Angalia tu usiteleze."