Kamera Mbili na Dirisha Namba Nne

"Usicheke, bibi. Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Usicheke."

Bibi aliyekaa kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe alikaza midomo kama aliyeambiwa ameze dawa chungu. Kamera kubwa ikalia klak, na mashine ndogo ya kuchapia iliyokuwa mezani ikaanza kutema picha nne za pasipoti. Ndivyo mpiga picha yule alivyopata jina. Pale uwani, nyuma ya ofisi ya mafao ya wastaafu, hakuna aliyemwita jina alilopewa na wazazi wake. Walinzi, makarani, hata wauza kalamu, wote walimwita Usicheke, naye alishazoea kuitika.

Ilikuwa siku ya mwisho ya uhakiki. Kila mstaafu alitakiwa afike mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, athibitishe kwamba bado yu hai. Ambaye hakugongewa muhuri kabla ya saa kumi jioni, malipo yake yangesimamishwa mpaka akate rufaa, na rufaa wote waliijua: nenda rudi mpaka soli za viatu ziishe. Tangu asubuhi mapema wazee walikuwa wamejipanga ukutani, wengine wamekalia matofali, wengine wamekalia mabahasha yao. Karatasi ya kuchapia picha ilikuwa imepanda bei mara mbili tangu mwezi uliopita, lakini Usicheke hakupandisha bei yake. Aliona haya kuwaongezea wazee wale mzigo, na haya hiyo ilikuwa ikimla faida yote.

Katika foleni ile alikuwemo baba yake. Kwa miaka thelathini na moja mzee huyo alikuwa mpiga picha wa idara ya habari ya serikali. Madaraja, shule, visima, wakubwa wakikata utepe, vyote vilipita mbele ya macho yake. Sasa pensheni yake ndiyo iliyolipa kodi ya vyumba viwili na dawa za mama yake Usicheke, ambaye tangu apooze upande mmoja alikuwa mtu wa kitandani. Kipato cha Usicheke kiliishia kwenye chakula. Pensheni ikikatika hata mwezi mmoja, dawa zinakatika, na daktari alishawaambia bila kuzunguka kwamba dawa zile si za kuruka.

Saa sita na kitu baba alitoka ukumbini. Alikuwa amevaa koti lake la kazini la zamani, limepigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Usicheke alimtazama usoni, akajua.

"Hawajakugongea?"

"Mashine imenikataa."

"Imekukataa vipi?"

Baba akamwonyesha ncha za vidole vyake. Zilikuwa laini, tupu, hazina hata mstari mmoja. Miaka yote ile ya kutumbukiza mikono kwenye dawa za kusafishia picha, gizani, bila glavu kwa sababu glavu hazikuletwa, ilikuwa imemfuta alama zote.

"Nimeweka gumba, nimeweka shahada, nimeweka vidole vyote kumi. Mashine inasema hakuna mtu. Karani anasema nije kesho, fundi atakuwepo."

"Kesho si tarehe imepita, baba?"

"Nimemwambia hivyo. Akasema yeye hapangi tarehe. Nikamwambia, basi niandikie tu kikaratasi kwamba nimefika leo. Akasema hawezi kuandika kitu ambacho mashine haijasema."

Usicheke alikaa kwenye kigoda chake cha wateja. Alikuwa amewapiga picha wastaafu miaka saba na alijua watu wa rufaa wanavyouliza. Neno la mtu hawalitaki. Wanataka kielelezo. Akasema, "Basi kielelezo tutawapa. Nitakupiga picha pale pale dirishani, karani akiwa mbele yako. Ile kalenda kubwa ya kuchana si iko ukutani nyuma yake?"

"Ipo. Na saa ipo."

"Basi vyote viingie."

Kazi ilikuwa kuchagua kamera. Simu zote zilikuwa zinaachwa kwenye sanduku la mlinzi mlangoni, na kupiga picha ndani kulikatazwa kwa tangazo la herufi nyekundu. Kwenye begi la Usicheke zilikuwemo kamera mbili. Moja ilikuwa ile kubwa ya digitali, nzito, iliyomwachia bega moja limeshuka kuliko lenzake. Hiyo ukipiga unaona papo hapo ulichopiga. Ya pili ilikuwa ndogo ya filamu, ya kuenea kiganjani, ambayo baba alikuja nayo kutoka kazini na wenzake waliiita renjifainda. Hiyo huchungulii kwenye lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni yake, humo unaona vivuli viwili vya mtu mmoja, unazungusha pete mpaka viwili viwe kimoja, ndipo unabofya. Na ikibofywa haipigi kelele, ni kama mtu ameng'ata ukucha. Baba alimpa siku alipostaafu, naye alikuwa akiitoa mara moja moja tu, siku za kumridhisha mzee.

"Chukua ndogo," baba alisema. "Hiyo nyingine ni bunduki. Ukiinyanyua tu, ukumbi mzima utalala chini."

"Lakini kubwa nitajua hapo hapo kama picha imetoka."

"Na hapo hapo watakunyang'anya."

Baba alisema kweli. Usicheke akaificha ndogo kwenye kikapu, chini ya makaratasi na chupa ya maji, akamwachia muuza kalamu aangalie begi na meza. Mlangoni mlinzi alichukua simu, akachungulia kikapu, akawapungia mkono wapite, wakapanga foleni upya zaidi ya saa mbili.

Karani wa dirisha namba nne alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake. Hilo ndilo lililomuudhi Usicheke kuliko yote. Angekuwa mkorofi angalau wangegombana.

"Shikamoo, mzee. Umerudi?"

"Marahaba. Nimerudi, mwanangu. Hebu tujaribu tena."

"Tutajaribu, lakini mzee, mashine ndiyo bosi wangu hapa."

Baba akaweka gumba. Usicheke alisimama hatua tatu pembeni, kikapu kifuani, kamera imechomoza kidogo juu ya makaratasi. Aliinamisha kichwa kama anayetafuta karatasi, akachungulia kidirishani. Baba alionekana vizuri, karani alionekana, kalenda ilionekana na tarehe yake nyeusi kubwa. Akazungusha pete mpaka vivuli vikakutana. Akabofya. Akavuta filamu, akabofya tena, akavuta, akabofya ya tatu. Hakuna aliyegeuka.

Walipofika uwani Usicheke alikitua kikapu, akaitoa kamera. "Tumewapata, baba! Picha tatu!"

Baba alipokea kamera aiangalie, kama alivyopokea kila kamera maishani mwake. Akaigeuza.  Kisha akauliza polepole, "Mwanangu, hiki kifuniko ulikitoa saa ngapi?"

Kifuniko cheusi cha lenzi kilikuwa mahali pake, kimekaa barabara.

Kwenye kamera yake kubwa kosa hilo halifanyiki. Kifuniko kikibaki, unachungulia unaona giza, unacheka, unakitoa. Ndiyo iliyomfundisha kwamba akiona, na kamera inaona. Hii ndogo inakuonyesha dunia yote kupitia pembeni huku yenyewe imefumba macho. Alilijua hilo tangu utotoni, na leo, siku pekee lililokuwa na maana, lilimtoka kichwani. Akaketi chini kwenye saruji na kujishika kichwa. Alijichukia kwa moyo wake wote.

Baba angeweza kumgombeza. Badala yake alisema, "Mimi niliwahi kumpiga waziri akifungua daraja. Mkanda mzima, kifuniko hakijatoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwomba akate utepe tena."

Usicheke akacheka huku machozi yanamtoka. Lakini ilikuwa inakaribia saa tisa u nusu, na kwa mara ya pili mlinzi hangeacha kupekua kikapu. Akainuka. Akavaa shingoni kibali chake cha kupiga picha uwani, akaitoa kamera kubwa kwenye begi, akaipachika taa yake juu ili izidi ukubwa. Baba yeye alibaki na ile ndogo. Alikiondoa kifuniko, akakitia mfukoni, akavuta filamu, akazungusha pete kidogo kwa kukadiria tu, kisha akaitia ndani ya koti.

Mlinzi aliwaona wanakuja. "Dada Usicheke, leo umeitwa ndani?"

"Nimeitwa."

Mlinzi mwenyewe akamfungulia mlango. Kibali kile hakikuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti, lakini kamera kubwa namna ile nani aiulize?

Hakujificha tena. Alimsimamisha baba kando ya dirisha namba nne, akainua kamera, na taa ikawaka ukumbi mzima. Klak. Vichwa vyote viligeuka. Klak. Karani aliinuka, kidole juu, akisema jamani, jamani, hairuhusiwi. Klak. Baba alisimama wima bila kupepesa.

"Nani amekuita?" Mlinzi alikuwa ameshafika, na sasa hakusema dada. "Toa kadi ya picha."

"Kaka yangu, nakuomba. Ni baba yangu. Amefika hapa leo, yuko hai, unamwona. Nataka hilo tu lijulikane."

"Toa kadi. Ama nachukua kamera na kibali chako, na kesho hapo uwani usikanyage."

Usicheke alimtazama baba.  Mkono wa mzee ulikuwa ndani ya koti, kifuani, kama mtu aliyebanwa na pumzi. Bila kazi ya uwani hakuna chakula, na bila kamera kubwa hakuna kazi. Usicheke akafungua kijilango cha kamera, akaichomoa kadi, akaiweka kwenye kiganja cha mlinzi. Aibu ilimchoma kuliko hasira. Mlinzi akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Utaifuata kwa bosi wangu," alisema. "Lakini sijui lini."

Saa kumi kamili milango ilifungwa. Wazee waliobaki foleni walitawanyika bila kelele, kila mmoja na bahasha yake. Baba alitembea taratibu hadi walipokata kona ya ukuta, hapo ndipo akatoa mkono kwenye koti.

"Nimepiga mbili," alisema.

"Umepiga nini?"

"Picha. Kifuani, bila kuchungulia. Kwenye mikutano ya wakubwa tulikuwa tunapiga hivyo, maana hawakupenda kuonwa wakisinzia. Umbali nilikuwa nimeshaupima kwa jicho."

Usicheke alimkumbatia pale pale barabarani, mtu mzima mwenye bega moja lililoshuka, akimlilia baba yake kama mtoto.

Jioni hiyo waliisafisha filamu wenyewe, bafuni, kwa dawa zilizobaki za mzee. Siku iliyofuata Usicheke akaupiga ule ukanda kwa kamera kubwa akiwa na kadi nyingine ya kuazima, akageuza palipo peusi pakawa peupe, maana filamu hutoka kinyume, akachapa. Picha moja ilitoka imetikisika. Ya pili ilitoka safi kiasi kwamba aliishika kwa kingo tu. Mlinzi alikuwa amenyoosha kiganja, yeye Usicheke akiweka kadi humo, macho yake yametazama chini. Karani alikuwa amesimama na kidole chake hewani. Nyuma yao ilionekana kalenda, na juu ya kalenda saa, inasema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Tangu aanze kazi hii alikuwa hajapiga picha inayoikaribia ile. Mama aliiangalia akiwa kitandani, akainyooshea mkono wake mmoja wenye nguvu, akatabasamu kwa upande uliobaki.

Baba alisema tu kwamba mwanga ulikuwa wa kutosha.

Walifika kwenye meza ya rufaa siku ya tatu. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwenye uzi, aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasoma fomu yao yote bila haraka. Baba alikuwa mbele yake, amekaa, anapumua, ameamkiana naye. Mama yule hakubisha kwamba mzee yuko hai. Alichotaka kujua ni kama alikuwa amefika kabla ya tarehe ya mwisho.

Usicheke akaiweka picha mezani.

Mama akavaa miwani. Aliitazama picha kwa muda mrefu, na mtu angeweza kuona kwamba imemgusa.

"Picha nzuri hii," alisema. "Tarehe naiona. Saa naiona. Huyu karani namfahamu, na huyu ni mlinzi wetu. Huyu ni wewe." Akainua uso. "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Mimi ndiye niliyepiga," baba alisema.

Mama akaigeuza picha, akaangalia mgongo wake mweupe, akaigeuza tena. Kisha akaisukuma taratibu juu ya meza mpaka ikafika mbele ya yule mzee.

"Hilo halionekani, baba," alisema.