Vigingi vya Mwalimu Chepkemboi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi sisi wazee wa hapa nyuma ya stesheni tulimpa Mwalimu Chepkemboi jembe, na kufumba na kufumbua, shamba lote likawa lake.

Wacha niseme ukweli tangu mwanzo, maana kwa umri huu sina haja ya kujipodoa. Nilimwonea wivu yule mama. Wivu wa kweli, wa kukosa usingizi. Mimi ni Nakhumicha, watu huniita Mama Sydney, na kwa miaka kumi na minane nilikuwa mwenyekiti wa Ukumbi wa Wazee. Funguo zilikaa kwangu. Chai ya Jumanne na Alhamisi nilipika mimi. Nani amekuja kupimwa presha, nani hajaonekana wiki mbili na anafaa kutembelewa, mimi ndiye nilijua. Halafu anatokea mama wa Keringet, mwalimu mstaafu, anaishi Milimani kwa binti yake, analetwa na gari hadi mlangoni, amevaa sweta nyeupe. Jamani, sweta nyeupe, na vumbi letu hili la Nakuru! Na wala haichafuki.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua ilinyesha hadi tukasahau rangi ya mbingu. Alhamisi moja tulikuwa ndani tunakunywa chai, ukuta ukapasuka kutoka kwa msingi hadi kwa mabati. Ulilia kama kuni kubwa inavunjwa. Kila mwenye miguu alikimbia. Mzee Micah, ambaye ugonjwa wa sukari ulimfanya akatwe mguu wa kushoto, alibaki kwenye kiti chake akituita kwa majina, mmoja mmoja, hadi mimi na Mzee Odongo tuliporudi tukambeba na kiti chake. Kesho yake injinia alikuja, akaingiza mkono mzima kwenye ule ufa, akasema nyumba hii hairekebishiki, ibomolewe.

Nililia siku tatu. Mwalimu Chepkemboi hakulia. Alitoa simu. Akapigia wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa ni watu wakubwa, na ndani ya miezi mitano tulikuwa na mchoro, mawe, simiti, na fundi mkuu kwa jina Kibii. Mkutano ukaitwa. Mzee Odongo akasimama. Huyu ni dereva wa treni mstaafu, mtu niliyecheza naye drafti kila wiki tangu mume wangu Masinde aage dunia. Akakohoa, akasema, "Mimi naona sasa Mwalimu ndiye atushikie kiti cha uenyekiti."

Mikono ikainuka. Ishirini na saba. Hata wa Micah. Mimi nilipiga makofi pia, kwani ungefanya nini? Nilipiga hadi viganja vikawaka.

Na hiyo haikutosha. Odongo akaanza kumfundisha Mwalimu drafti, pale chini ya hema tulilopewa na kanisa. Wiki ya tatu Mwalimu akamshinda, na mzee mzima akacheka hadi akafuta machozi. Ati anacheka! Mimi nikimshinda alikuwa ananuna, anasema nimesogeza kete akiangalia kando.

Basi ikafika siku ya vigingi. Mwalimu alikuja na Kibii na futi ya kupimia, akatueleza kwamba ukumbi mpya utakaa upande wa juu wa ploti, mbali na pale penye ufa. Kibii alichimba mashimo mawili kwenye kona, akasema udongo ni mzuri. Sasa, upande wa juu ndipo palikuwa na bustani yangu ya sukuma wiki. Mwalimu akanigeukia kwa ile sauti yake ya darasani.

"Mama Sydney, mboga zako tutazihamisha. Pole, lakini."

Pole, lakini!

Sasa sikiliza. Mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino, ardhi ilifunguka hapo hapo upande wa juu. Ufa ulikuwa na upana wa mlango, na chini ulisikia maji yakitembea. Masinde wangu na wanaume watatu wa gengi ya reli waliuziba. Walitupa mawe, matairi yaliyoisha, mapipa yaliyooza, wakashindilia udongo wa murram juu hadi ikawa ngumu kama barabara. Tulijivunia kazi ile. Siku hizi kila mtu Nakuru anajua ufa hauzibwi hivyo, kwamba umeufunika tu na maji yanaendelea na safari yake. Wakati ule hatukujua. Mimi nikaleta udongo wa shamba, nikapanda sukuma juu ili watoto wasichezee hapo. Wale wanaume wanne wote tumeshawazika. Aliyebaki akijua ni mimi.

Siku ile ya vigingi nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Odongo akawahi, akasema, "Mwalimu, wewe una akili, kweli," na wote wakaitikia, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Nikajiambia, wacha wajenge. Wacha waandike jina lake ukutani kwa rangi ya dhahabu. Mvua itakuja, ukuta utapasuka, halafu watakumbuka nani alikuwa mwenyekiti. Nikajidanganya kwamba utapasuka wakati watu wako makwao na hakuna atakayeumia. Wiki tatu nilinyamaza hivyo. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Uongo. Mimi nilikula vizuri na nilinenepa.

Mitaro ya msingi ikachimbwa. Siku moja kabla ya kumwaga konkriti, Mwalimu akatuita sote tuje tuchague mahali pa kukaa, kila mzee na kiti chake. Ati tusingoje nyumba iishe ndipo tugombane. Watu walifurahi kama watoto wa nasari. Micah alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi karibu kabisa na mtaro wa nyuma, pale pale palipokuwa na sukuma zangu.

"Mniweke hapa," akasema. "Jua la jioni litanipata mgongoni, na sitamzibia mtu njia."

Mwalimu akachukua chaki, akaandika jina la Micah juu ya jiwe, akaliweka pale. Mimi nikalitazama lile jiwe. Nikamkumbuka akituita kwa majina ukuta ukiwa unalia. Mtu wa mguu mmoja, na mimi nimemchagulia kaburi.

Asubuhi nilipofika, mashine ya kuchanganya simiti ilikuwa tayari inanguruma. Sikusalimia mtu. Nilishuka ndani ya mtaro wa nyuma na viatu vyangu vya kanisani, nikasimama katikati.

"Hapa hamjengi!"

Kibii alikuja mbio. "Shosho, toka huko, tutakumwagia konkriti."

"Hapa chini kuna ufa. Uko tangu El Nino. Mume wangu ndiye aliuziba."

"Tumechimba, shosho. Udongo ni mgumu."

"Ni mgumu kwa sababu aliushindilia!"

Wazee walikuwa wamekusanyika juu yangu. Odongo akaegemea mkongojo wake, akatabasamu. "Mama Sydney, hebu tuambie. Kinachokuuma ni sukuma, ama ni kiti?"

Walicheka wote. Haki nilitamani ardhi ifunguke wakati huo huo inimeze. Kwa sababu alisema kweli. Miezi yote ile nilifikiri naficha, kumbe kila mtu aliona, na sasa neno moja la maana nililokuwa nalo halikuwa na bei tena. Nikaanza kulia kwa hasira. Nikasema, "Mwageni maji. Pipa moja tu. Yakisimama, nifukuzeni hapa na nisirudi."

Mwalimu Chepkemboi hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama tu, kichwa kimeinama kidogo, vile mwalimu anamtazama mtoto aliyekuja shule bila kitabu.

"Kibii," akasema, "zima mashine."

"Mwalimu, konkriti itaganda."

"Zima. Mlete maji."

Wakanitoa, wakamwaga. Maji yakajaa mtaroni, yakatulia. Yakasimama. Odongo akasema "Ehe," na mimi nikafikiri, Masinde, umeniua. Halafu povu dogo likatoka karibu na ukingo. Maji yakaanza kuzunguka polepole, yakashuka, yakaenda kwa mlio wa mtu anayenywa uji moto, na chini ya mtaro pakabonyea. Pipa zima liliisha kabla hujahesabu mia. Kwenye shimo lililobaki tukaona mdomo wa tairi kuukuu.

"Woi," Kibii akasema, akarudi nyuma hatua tatu.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya tangi la maji mahali ambapo hatungesikika.

"Siku ya vigingi ulijua?"

"Nilijua."

"Jana Micah akichagua pale, ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

Akauliza tena. "Na tukikaa ndani ya huo ukumbi, wewe ungekuwa unakaa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa aina mbili. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Kwangu," nikasema. "Nyumbani."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana, ningepata cha kujibu. Aliangalia viatu vyake vilivyojaa tope, akavuta pumzi, akarudi kwa watu. Nikamfuata nikijua kwamba sasa ataniua, na kwamba ana haki.

Odongo hakuwa mjinga. Ndiye aliyeuliza. "Lakini kama huyu mama alijua, mbona amekaa kimya wiki tatu nzima?"

Wote wakanigeukia. Micah pia, kwenye kiti chake.

"Kosa ni langu," Mwalimu akasema. "Siku ya vigingi alijaribu kuniambia. Mimi nikadhani anatetea mboga zake, nikamkatiza. Mnisamehe. Na tumshukuru, kwa sababu leo amekubali kuchekwa ili sisi tupone."

Nikasikia makofi. Mtu akasema Mungu ambariki Mama Sydney. Mwingine akasema, na Mwalimu naye, viongozi wanaokiri makosa yao ni wachache sana. Kibii alikuwa ameshaanza kung'oa vigingi. Micah akasogeza kiti chake, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushikilia, analia. Nilitaka kuutoa, sikuweza.

Nilimtazama yule mama juu ya kichwa cha Micah. Sentensi moja tu ingetosha kunimaliza, na watu wote walikuwa pale wanangoja kuisikia. Nilimwonea wivu wakati huo kuliko siku zote. Maana ningekuwa mimi, ningeisema.