Taulo Lililopoa

Staffan aliporudi bafuni na taulo mkononi, midomo ya Ingegerd ilikuwa imebadilika rangi. Bibi huyo wa miaka themanini na minane alikuwa palepale alipomwacha, kwenye kiti cha plastiki, uchi, mikono ameikumbatia kifuani. Bomba la maji ya moto lilikuwa mbali, hakuweza kulifikia.

"Nilidhani umekwenda kulifuma hilo taulo," alisema, meno yakigongana.

Staffan alimfunika haraka. Kwa miaka sita ya kuhudumia wazee wa mji wa Härnösand majumbani mwao, kila Alhamisi alilianika taulo la Ingegerd kwenye kipasha joto cha jikoni, akamletea lingali moto. Leo lilipoa mikononi mwake, yeye amesimama jikoni, macho kwenye simu, akingoja timu moja ya Ureno aliyoiwekea dau, ambayo hata jina lake hakuweza kulitamka, ipate kona moja tu.

"Kona ilipatikana?" Ingegerd aliuliza.

Mkono uliokuwa ukimkausha mgongo ukasimama. "Umesikia?"

"Kilichokufa ni miguu, siyo masikio. Ulikuwa unaibembeleza simu kama mchumba."

"Haikupatikana."

"Na kamari hiyo inaruhusiwa?"

"Ina leseni ya serikali."

"Hata kiti hiki ni cha serikali. Tazama kinavyonifinya makalio."

Staffan hakucheka. Alimvisha, akamketisha dirishani na blanketi na kahawa, kisha akafungua ripoti ya siku kwenye simu ya kazini. Kidole chake kiliyajua maneno: Kuoga, kama kawaida.

"Andika kama kawaida," alisema Ingegerd. "Ukisema kweli watakuondoa, waniletee mgeni. Nimechoka kuvuliwa nguo na wageni."

Afadhali angemfokea.

"Na nikikuacha tena Alhamisi ijayo?"

Ingegerd alikizungusha kikombe. Staffan akaandika, kisha akamsomea: "Nilimwacha peke yake bafuni dakika tano, nikicheza kamari."

"Kumi na moja," alisema Ingegerd taratibu. "Nilikuwa nahesabu."

Staffan akafuta tano. Akaandika kumi na moja, akatuma.

Kisha akapiga magoti mbele yake, soksi za sufu mkononi. Mguu wa kushoto ulikuwa bado wa baridi, vidole vimekakamaa. Akauweka katikati ya viganja vyake, akaanza kuusugua polepole. Ingegerd hakumzuia. Alikuwa akitazama nje, kwenye theluji.