Kaburi Lisilo Kwenye Orodha

Msimamizi wa kuhamisha makaburi alipekua karatasi zake mara mbili, kisha akatikisa kichwa.

"Kama halimo humu, mama, basi halipo."

"Nilimzaa mwenyewe, nikamzika mwenyewe," alisema Almira. "Halipo vipi?"

Mwanawe alikufa akiwa na siku tisa, katika baridi ya mwaka 1941, theluji ikiwa imeziba njia ya kanisani. Waliyeyusha ardhi kwa moto wakamzika nyuma ya nyumba. Sasa, miaka kumi na miwili baadaye, serikali ilikuwa imeufunga mto Missouri kwa bwawa. Nyumba za Wahidatsa, kabila la Almira lililoishi bondeni tangu zamani, zilikuwa zimebebwa nzimanzima juu ya matela hadi kwenye nyanda za juu, penye upepo mtupu, na huko bondeni maji yalipanda kila siku.

Almira alikwenda kwa Lester, mtani wake. Baba zao walikuwa wa ukoo mmoja, jambo ambalo kwa Wahidatsa huwafanya watoto wao watani, na tangu utotoni wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kutupiana maneno.

"Lori lako bado linatembea, au limezeeka kama mwenyewe?"

"Linatembea. Ila halibebi wanawake wenye kelele." Kisha akauona uso wake, na sepetu mkononi. Akachukua funguo.

Walipofika, maji yalikuwa yameshaingia vichakani, hatua mia hivi kutoka pale ilipokuwa nyumba. Yalikuwa ya rangi ya udongo, yakisogea polepole bila sauti. Almira alihesabu hatua kumi na mbili kutoka kona ya msingi kuelekea mti mkubwa aliokumbuka kuwa alama ya kaburi. Lakini miti yote ilikuwa imekatwa kabla ya mafuriko. Vilibaki visiki, vingi, vyote vikifanana.

Walichimba penye kisiki cha kwanza. Mizizi tu. Wakachimba penye cha pili.

"Almira," Lester aliita. Maji yalikuwa yakilamba magurudumu ya mbele. "Barabara ile ikifunikwa, hatutoki."

"Nenda wewe."

"Nikuache? Ukinifia huku, nitamtukana nani?"

Almira alitupa sepetu. Alirudi kwenye msingi akasimama pale lilipokuwa dirisha la jikoni, akafumba macho. Miaka yote ile, kila asubuhi, aliosha vyombo akimtazama mwanawe. Hakuwa ameuangalia mti hata siku moja. Akanyoosha mkono, akafumbua macho. Kidole kilielekea kushoto, mbali na visiki vyote viwili.

Kwenye kina cha mkono mmoja sepetu la Lester liligonga ubao. Maji yalikuwa yameshawafika kwenye vifundo vya miguu na shimo lilijaa kwa haraka kuliko walivyochota. Almira alilala kifudifudi matopeni, akaingiza mikono yote miwili chini ya kisanduku. Kikang'ang'ania. Akavuta tena huku akipiga ukelele, kikatoka, kidogo, chepesi, kimefungwa blanketi walilomzika nalo, lililooza pembeni.

Lori lilikohoa mara tatu likazima. Lester aliupiga usukani ngumi, kisha akashuka, akavua koti akalifunika sanduku.

"Lete, nikubebee."

"Nitambeba mwenyewe."

Basi alimshika mkanda kwa nyuma, akamsukuma mbele yake, maji yakiwafika magotini, halafu mapajani, mpaka nyayo zikakanyaga majani makavu ya mteremko. Huko juu walianguka chini wote wawili wakihema. Chini yao lile lori lilionekana paa tu.

Almira alianza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wahame.

Lester hakumtania. Alikaa upande unakotoka upepo ili umpige yeye, akangoja hadi amalize. Ndipo wakainuka wakaenda kutafuta mahali pa kuchimba.