Ngawira ya Mtani

Mimi mtu akiniambia Songea ni mji mzuri, namuuliza: umeishi huko, au umepita na basi? Wengi wamepita na basi. Mume wangu Augustino amezaliwa hukohuko, kwa hiyo yeye sikuweza kumjibu hivyo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Barua yake ya kazi ilikuja mwezi wa tano. Augustino ni fundi wa friji na viyoyozi. Miaka saba anapanda ngazi za maghorofa ya Kariakoo na mtungi wa gesi begani, na sasa chuo kimoja cha ufundi cha huko kwao kinamtaka akafundishe. Mshahara wa uhakika, nyumba ya vyumba vitatu, na mparachichi uani. Alinisomea mara mbili. Sisi wakati huo tulikuwa tunalala wanne chumba kimoja, Mtaa wa Sikukuu, pazia katikati, Viki wa miaka sita upande wa dirishani na Sophia mchanga kati yetu. Nikamwambia, "Hongera, Baba Viki." Na niliisema kwa moyo, jamani, msinione mbaya. Nilimfurahia yeye. Mimi mwenyewe sikuwa na cha kujifurahia.

Maana mimi ni mtoto wa Kariakoo. Wazazi wangu ni Wamakua wa Masasi, lakini Masasi naijua kwa misiba tu. Na nilikuwa na kibaraza changu. Mtaa wa Uhuru kuna duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, jina lake Sarla, sisi tunamwita Mama Manan kwa jina la mwanawe. Mteja ananunua kitambaa kwake, akitoka mlangoni ananikuta mimi na cherehani yangu, napima, nakata, Ijumaa anavaa. Kukipata kibaraza kile nilitumikia miaka minne Mchikichini, kwenye jua, nikipunguza viuno vya suruali za mitumba. Mafundi wanaokitaka wamejaa. Ukiondoka asubuhi, mchana ameshakaa mwingine. Halafu mtu aniambie nikiache nikaangalie parachichi. Thubutu!

Sikubishana na Augustino. Ningebishana ingekuwa afadhali. Nilikaa kimya nikatengeneza mpango, na mpango wenyewe ulikuwa hivi: twende wote, lakini cherehani ibaki Dar. Baada ya miezi mitatu minne nitamwambia naenda kuifuata, nitachukua watoto wakawasalimie ndugu zangu, na nikishashuka kwenye basi, sirudi. Nilikwenda kwa Mama Manan nikamweleza. Akaweka mkono juu ya jora la satini.

"Mpaka Krismasi nitakushikia," akasema. "Yule binti Anaeli anayekitaka akae kwa muda. Lakini mume wako anajua?"

"Atajua," nikasema.

Kazi ikawa namna ya kuiacha cherehani bila Augustino kuuliza. Yeye ndiye aliyeinunulia turubai jipya la kuifunikia safarini. Hapo ndipo nikamkumbuka Bibi Severa.

Bibi Severa alikuwa jirani yetu chumba cha tatu. Kila alfajiri yuko Feri kugombania samaki mnadani, jioni anawakaanga nje ya mlango, na sisi wote tunanuka kibua. Ni Mhehe wa Iringa. Augustino ni Mngoni. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na uchovu wenyewe ukazaa utani, na utani kwa watu wale si mchezo. Ukiwa na harusi, msiba au safari, mtani wako anaweza kuingia akakamata kitu chako, anakiita ngawira, na wewe huruhusiwi hata kununa. Ukinuna umevunja mila. Nikajisemea, basi hii ndiyo dawa. Bibi Severa akamate cherehani mbele ya watu, Augustino acheke, lori liondoke.

Nilipomwambia, alikuwa anapaa samaki. Kisu kikasimama.

"Utani haukodishwi, mwanangu. Mtani hachukui kwa kutumwa."

"Bibi, naomba."

"Ukamwambie mumeo kwamba unaogopa. Kuogopa si dhambi."

Nikalia. Sikulia kwa hila, nililia kweli, nimekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, na Sophia mgongoni naye akaanza. Yule mama ana huruma kuliko akili, Mungu anisamehe kwa kumsema hivyo. Akakubali.

Jumamosi ile lori lilikuja saa moja asubuhi, fuso lenye mzigo wa duka la mtu mpaka nusu, sisi tukapewa nusu iliyobaki. Augustino angeondoka nalo akae na vyombo vyake, mimi na watoto tungefuata na basi Jumatatu. Wapagazi wawili wakatoa kitanda, kabati, godoro, friji dogo alilolifufua mwenyewe. Cherehani ikawa ya mwisho. Ilipofika mlango wa nje, Bibi Severa akaikalia.

"Mngoni hatoki!" akapaza sauti. "Babu yako aliondoka na ng'ombe zetu, wewe unataka kuondoka na nini?"

"Shikamoo, mtani."

"Sitaki shikamoo, nataka ng'ombe!"

"Ng'ombe gani? Nyie si mlikuwa mnafuga mbwa, tena wa kitoweo?"

Mtaa mzima ukacheka. Muuza kahawa akaweka birika chini aangalie vizuri. Augustino alikuwa na furaha, nilimwona. Alikuwa anaagwa kama mtu.

"Basi ngawira yangu ni hii," Bibi Severa akasema, akagonga cherehani kwa kiganja. "Inabaki hapahapa."

Kicheko cha Augustino kikaisha. Akasema achukue godoro. Bibi Severa akatikisa kichwa. Achukue friji. Akatikisa kichwa, na safari hii akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Nikadhani yamekwisha. Kumbe mimi mila ile niliijua nusu. Ngawira inakombolewa. Mwenye kitu akitoa kitu chake mwenyewe, kinachomuuma, mbele ya mashahidi, mtani hana budi kupokea na kuachia.

Augustino akapanda juu ya lori. Akafungua begi lake, akashuka na koti la marehemu baba yake.

Lazima niwaambie kuhusu koti hilo. Ni la sufu, zito, la kahawia, mzee alikuwa analivaa misa ya kwanza miezi ya baridi. Alifariki mwaka tuliooana. Augustino alikuja nalo Dar, mji ambao hata shuka unaitupa usiku, na kila mwezi wa sita analianika uani. Nilimcheka sana. Yeye anasema, subiri, nikirudi kwetu nitalivaa. Na sasa ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Songea inamsubiri, na koti liko mikononi mwake anampa Bibi Severa.

"Hili hapa, mtani. Cherehani niachie. Huyu mwanamke nimemtoa kwao, nimemtoa kwa wateja wake. Nikimtoa na kazi yake pia, nitakuwa nampeleka Songea akafanye nini?"

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja ambaye hata simjui akaniambia nina bahati. Bibi Severa akalipokea koti lile, akainuka, wapagazi wakaipandisha cherehani. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamshika Augustino mkono nikamvuta ndani, kwenye chumba chetu kitupu. Nikamwambia yote. Sikupamba. Kwamba Bibi Severa nilimtuma mimi, kwamba kibaraza nimeshikiwa mpaka Krismasi, kwamba nilipanga kurudi na watoto na kubaki.

Alisikiliza amesimama. Halafu akauliza, taratibu tu:

"Mama Manan anajua?"

"Anajua."

"Bibi Severa anajua."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni mimi tu."

Angenipigia kelele ningepata pa kushika. Mimi kwenye kelele niko nyumbani. Lakini yeye akawa anafuta vumbi mikononi, na vumbi lilishakwisha.

"Niliogopa," nikasema. "Huku nina jina langu. Huko nitakuwa mke wa mwalimu, mgeni, sina wa kumwambia mambo vipi. Niliogopa, na niliona haya kukwambia, maana ulikuwa umefurahi mno."

Bibi Severa akatokea mlangoni na koti kifuani. "Mwanangu, chukua koti lako. Ule haukuwa utani, ulikuwa uongo wetu sisi wawili."

"Nyie mlichukua kwa uongo," Augustino akasema. "Mimi nilitoa kwa utani. Halirudi." Bibi Severa akaondoka nalo.

Dereva akapiga honi. Augustino akambusu Sophia utosini, akamwinua Viki akamshusha. Kisha akanigeukia.

"Tiketi za Jumatatu unazo. Uje au usije, sitatuma wazee. Lakini ukija, Benedikta, njoo mzima."

Tangu Viki azaliwe hakuwahi kuniita jina langu. Kwake mimi ni Mama Viki. Lori likakata kona ya Sikukuu na vyombo vyetu vyote, na cherehani juu kabisa ndani ya turubai jipya, na mimi nimebaki na watoto wawili, mkeka na sufuria moja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ningeweza kukaa kimya. Cherehani ilikuwa inakwenda, ni kweli, lakini kibaraza bado kilikuwa changu, na Mama Manan ana cherehani ya zamani stoo, angeniazima. Ningeweza kwenda Songea nikiwa nimekihifadhi hicho kibaraza kifuani, nimwambie Augustino nimekuja mzima, naye angeamini, maana ni mtu wa kuamini. Niliwaza hivyo njia nzima kutoka Sikukuu mpaka Uhuru, nasukumana na watu wa Jumamosi, Sophia mgongoni, Viki nimemshika kiganja. Hata kwenye kona ya mwisho nilikuwa bado nawaza.

Anaeli alishakaa pale. Binti wa watu, mpole, ameweka sindano zake kwenye kikopo cha maziwa. Aliponiona akasimama haraka.

"Shikamoo dada, nakushikia tu."

"Marahaba. Kaa."

Nikaingia ndani. Mama Manan alikuwa anampimia mteja, akamaliza, akasogea.

"Usijali," akasema, "nafasi yako ipo."

"Usinishikie tena, Mama Manan. Mpe Anaeli."

"Nikimpa nimempa, Benedikta. Unanijua. Januari usije kunililia hapa."

"Najua."

"Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nasema leo. Nikisubiri niwe na uhakika, nitakufa nimekaa kwenye hicho kibaraza chako."

Hakucheka. Akaenda kwenye rafu akakata mita mbili za pamba ya maua, akampa Viki ashike. Akasema wasichana wote lazima wawe na kitu kipya safarini. Viki akasema ahsante bila kukumbushwa, kitu ambacho ni cha kushangaza. Nikatoka nje nikamwambia Anaeli pale ni pake. Akanirukia shingoni kwa furaha, na furaha yake iliniuma, siwezi kudanganya. Iliniuma sana.

Nilisubiri Augustino apige simu. Hakupiga. Saa kumi na mbili jioni nikapiga mimi, nimekaa kwenye mkeka, Sophia ananyonya. Akapokea, nikasikia lori linanguruma.

"Mko wapi?"

"Tumepita Mikumi."

"Umekula?"

"Nimekula mahindi."

Nikamhamishia Sophia upande wa pili. Kisha nikasema, "Nimeachia kibaraza. Kapewa Anaeli."

Lori likanguruma.

"Nilikuwa nimejizuia kupiga simu," akasema. "Ningepiga ningekuomba. Na sikutaka uje kwa kuombwa."

"Hukuniomba."

"Unajisikiaje?"

"Naumwa."

"Wapi?"

"Kila mahali, Augustino."

"Mimi pia. Toka asubuhi." Akakohoa kidogo. "Bado nimeudhika, ujue."

"Najua. Udhika tu, nitakuja nikukute umeudhika."

Nikasikia amecheka, au ni lori, sijui. Akasema Jumatatu watoto niwavalishe soksi kabla ya Makambako, pale pana baridi ya ajabu. Nikasema nimesikia. Simu ilipokatika, machozi niliyoyabana tangu asubuhi yakatoka yote, na kilio chenyewe kilikuwa cha sauti, maana kwenye chumba kitupu hata kukohoa kunasikika mpaka uani. Viki akaja mbio na kitambaa chake cha maua mkononi.

"Mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu, mwanangu," nikamwambia. "Tunahama."