Uso wa Kijani wa Meta

Alwin Pietzsch, dereva wa tramu mjini Dresden, aliingia kwenye maonyesho ya picha Jumapili moja baada ya ibada, akamkuta mkewe, Meta, kwenye picha ukutani. Uso wa kijani, midomo myeusi, vidole vimeng'ang'ania kiti, shingo imepindia kwenye mlango mwekundu. Meta alikuwa amekaa mara nne achorwe na Wehner, mchoraji aliyeishi ghorofa ya juu ya nyumba yao, na Alwin mwenyewe ndiye aliyeruhusu.

Nyuma yake mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyu anamsubiri hawara. Hebu itazame hiyo shingo."

"Wapi! Huyu anataka kutoroka."

Alwin alitoka bila kuchukua koti lake. Jumapili iliyofuata alirudi, na ile nyingine pia. Kazini akapitiliza vituo viwili, abiria wakamtukana. Mwishowe akapanda juu kwa Wehner.

"Mke wangu anamtazama nani pale?"

Wehner alikuwa akifuta brashi. "Sijui, Bwana Pietzsch. Mlango wangu si mwekundu, wala yeye si kijani. Lakini alikuwa hatulii, na hiyo ndiyo rangi niliyoiona. Si umuulize mwenyewe?"

Alwin aliposhuka, Meta alikuwa akimenya viazi.

"Nani anakuja kwenye ule mlango?" Alwin aliropoka.

"Mlango gani? Umelewa?"

"Wa kwenye picha. Watu wanasema una bwana."

Meta alicheka, kisha uso ukamkunjamana. "Bwana! We Alwin mjinga kweli. Kule juu nilikuwa namsikia Liesel analia huku chini. Kila nikikaa. Nageuka nishuke nikamnyonyeshe, halafu nakumbuka."

Liesel, binti yao mchanga, alikufa kwa kifaduro Februari ya mwaka ule. Tangu mazishi hakuna aliyemtaja, na kitanda chake bado kilikuwa kando ya jiko.

Alwin alivuta kiti, akakaa. "Hata mimi namsikia. Breki zikilia tu."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe?"

Walihamia ng'ambo ya mto kabla ya Krismasi, kile kitanda cha mtoto wakampa mke wa fundi viatu mmoja jirani. Picha ilinunuliwa na mtu wa Berlin, hawakuiona tena. Meta aliendelea kushtuka usingizini, ila sasa alimwamsha Alwin, wakawa wanamzungumzia Liesel mpaka Meta atulie.