Sauti ya Mama Watoto

Mimi mteja wa kunisimamia kichwani simtaki, na nimeshatimua wengi. Yule mgane sikumtimua. Aliingia amekumbatia kompyuta yake ya mezani, akaitua taratibu kwenye meza yangu, kisha akaganda hapo hapo.

"Fundi, haitoi sauti. Na mama watoto katuachia maneno yake humu."

Mkewe alipoona ugonjwa haumwachi, alikuwa akijifungia chumbani kila mchana, anarekodi. Maneno yalikuwa ya kitinda mimba wao, mtoto bado ananyonya, ambaye hataikumbuka sauti ya mama yake. Aliwakataza kusikiliza mpaka awe hayupo, na agizo la mgonjwa nani alivunje? Walipotoka kuzika wakafungua, kimya.

Nikavua kifuniko. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mchicha. Kwenye kadi ya sauti, kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba na kuvuja, na kilichovuja kimeshakauka, kimefunikwa na vumbi hilo hilo. Nikaingiwa na wasiwasi, ila nikaumeza. Nikachomoa kadi, nikachomeka nyingine, nikaijaribu kwa wimbo. Spika zikaitika.

"Mungu akuweke, fundi," akasema, huku anajifuta macho na kucheka.

Tukafungua faili la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Kwenye skrini mstari wa sauti ulipita umenyooka, hauna hata kilima kimoja.

"Bado mbovu?"

Nilitamani kumdanganya. Mimi ninayejisifu kwa mdomo mchafu, siku hiyo niliyachambua maneno kama mchele.

"Baba, kadi hii ndiyo inayotoa sauti, na ndiyo hiyo hiyo inayoiingiza. Ya kwako ilikufa zamani, kabla mama hajaanza kurekodi. Hakuna kilichoingia."

Akavuta kiti, akakaa.

"Kumbe alikuwa anasema na ukuta."

"Hakujua, baba."

Akaitazama ile kadi mbovu mezani. Hakulia. Iliniuma kuliko kama angelia.

"Nyumba yetu kuta zake nyembamba," akasema. "Ukikaa sebuleni unasikia kila neno la chumbani. Mimi nilikuwa nimekaa pale, kila mchana. Nikawa nafungulia redio mpaka mwisho, ili nisimsikie."